Shajara ya mradi: mashimo 101 ya nguzo kwenye maramu na mwamba, Tororo

Kazi ni uzio wa seng'enge kuzunguka shamba la mabingobingo (majani ya malisho) nje kidogo ya mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda. Shamba ni mita 60 kusini na kaskazini, mita 90 mashariki na magharibi. Mbuzi ndio sababu ya uzio, na ndio walioamua idadi ya nyuzi: sita, wa chini kabisa sentimita 15 kutoka ardhini, kisha 30, 45, 65, 95 na 130. Kwa ng'ombe peke yao nyuzi nne zingetosha.

Nguzo husimama kila mita 3, isipokuwa upande wa kusini wenye lango la mita 3.6. Pale nafasi zimegawanywa upya kutoka kwenye lango kwenda kona zote mbili, kumi kila upande, ikawa mita 2.82. Jumla ni nguzo 93 za kati na 8 kubwa: nne za kona, mbili za lango, na mbili za kukazia nyuzi katikati ya pande ndefu. Nguzo za kati ni mikaratusi iliyotiwa dawa, urefu mita 2.1, unene sentimita 10 hadi 12, sentimita 60 ziende chini. Kubwa ni mita 2.5, unene sentimita 16, na mita nzima iende chini. Seng'enge inayohitajika ni kama mita 1,870 pamoja na ya kufungia. Duka huuza rola kwa kilo, lakini waya mwembamba na mnene wa uzito mmoja hautoi urefu mmoja, kwa hiyo tulinunua kwa kuuliza mita.

Mpaka ulikubaliwa kwanza, majirani wakiwepo na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) akishuhudia. Kung'oa nguzo iliyokwisha shindiliwa mawe ni kazi kubwa kuliko kuisimamisha. Upande wa kusini kuna bomba la maji kando ya barabara. Njia yake iliwekewa alama ya chokaa, na hakuna mtaimbo unaopigwa karibu nalo kabla udongo haujaondolewa kwa mikono.

Mwisho wa Mei: kupima kabla ya kuchimba

Mvua kubwa za Machi hadi Mei zinaisha, ardhi bado ina unyevu. Huu ndio wakati wa kuanza. Maramu (udongo mwekundu wa changarawe) ileile inayochimbika sasa, ikifika Februari inakuwa ngumu kama tofali la kuchoma.

Kila mahali pa nguzo papimwe kwa nondo kabla ya jembe kugusa. Tumetumia nondo ya milimita 12, urefu mita moja, ncha imechongwa, ikipigwa kwa nyundo ya kilo mbili. Inapigwa katikati ya alama, kisha sehemu nne kuizunguka kwa umbali wa sentimita 15. Matokeo yanasomwa kwa kuzilinganisha zote tano. Nondo ikikwama sehemu moja au mbili huku nyingine zikipita, chini kuna jiwe lililozikwa na ukingo wake uko karibu. Ikikwama zote tano kwa kina kinacholingana, ni mwamba, au ni gamba la maramu lililoshikamana, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Ichomoe uitazame ncha. Gamba la maramu huacha unga mwekundu na mlio wake ni mzito, umefifia. Jiwe la itale (graniti) huacha ncha safi inayong'aa, mlio ni mkali, na nyundo inaruka mkononi.

Vigingi vilipakwa rangi kufuatana na matokeo: vyeupe 62 ni udongo na maramu, vya njano 28 ni mawe yaliyozikwa, vyekundu 11 ni mwamba. Vyekundu karibu vyote viko kona ya kaskazini-magharibi, ambako jiwe limejitokeza juu ya nyasi.

Baada ya hapo mstari ulitembelewa tena na swali lingine: nguzo hii inavutwa wapi? Kina cha sentimita 60 ni kanuni ya ardhi tambarare, lakini waya uliokazwa hauijui kanuni hiyo. Nguzo iliyo juu ya kilima kidogo husukumwa chini na waya. Hata sentimita 40 zinaitosha ikishindiliwa vizuri. Nguzo iliyo kwenye bonde huvutwa juu, na hiyo itang'oka hata ikiwa na sentimita 60 kamili. Kwa bahati mwamba mara nyingi uko karibu na uso palepale penye nundu, kwa hiyo vigingi vinne kati ya vile vyekundu viliruhusiwa kina kifupi bila ubishi. Bonde moja liko upande wa mashariki, kwenye mkondo wa maji ya mvua. Pale kina kimeongezwa, na chini ya nguzo itafungwa waya kwenye jiwe kubwa litakalozikwa.

Nguzo ya kati ikikutana na jiwe inaweza kuhama. Tumeweka mpaka: isogee si zaidi ya sentimita 40 kwa kufuata mstari, na nafasi yoyote isizidi mita 3.5. Kutoka nje ya mstari hairuhusiwi hata kwa upana wa kiganja, kwa sababu waya utaivuta pembeni kila siku mpaka ilale. Nguzo za kona hazihami, na nguvu za kuvunja jiwe zimewekwa akiba kwa ajili yao.

Vifaa

Mitaimbo miwili, urefu mita 1.7, kilo nane hivi kila mmoja, upande mmoja ncha na upande wa pili bapa. Sururu moja. Nyundo ya kilo sita na ya kilo mbili. Tindo nne za ncha. Mikebe ya bati yenye mpini mrefu kwa kutolea mawe, maana shimo la sentimita 30 halipokei koleo likishapita magotini. Mashine ya petroli ya kutoboa udongo haikukodiwa: meno yake huliwa na jiwe, na ikinasa ghafla inazungusha mwili wa anayeishika. Kwenye shamba la udongo mtupu ingekuwa hadithi nyingine.

Mtaimbo wa dukani mara nyingi ni chuma laini, ncha inajikunja kwenye jiwe kabla ya saa sita. Ule uliofuliwa na mhunzi kutoka ekseli ya gari unadumu zaidi, ila unategemea ulivyopozwa. Ncha ikichovywa majini ikiwa nyekundu na kuachwa hivyo, inakuwa ngumu lakini inameguka vipande. Mhunzi anayejua kazi huichovya ncha tu, huisugua ing'ae, na kuacha joto la nyuma lirudi mbele hadi rangi ya majani makavu ipite kwenye ncha, ndipo anapoipoza yote. Ncha mbili zilizomeguka upande wa mashariki zilirudishwa zikafuliwa upya kwa njia hiyo, na mpaka sasa zinasimama.

Vichwa vya tindo vinakaguliwa kila asubuhi. Kikichanua kama uyoga kinasagwa, kwa sababu zile kingo ndizo hupasuka na kuruka. Miwani ya kazi inavaliwa na anayepiga na pia aliyesimama karibu, ambaye ndiye husahaulika.

Juni: upande wa mashariki, maramu

Sentimita 20 za juu ni udongo mweusi, chini yake changarawe nyekundu, kisha gamba. Changarawe inalainika kwa maji. Gamba halilainiki. Hii ndiyo tofauti inayookoa au kupoteza maji, hasa mahali ambapo kila jerikani linabebwa kutoka kisimani.

Kwenye changarawe utaratibu ni huu. Jioni vunja uso kwa sururu kufanya bakuli la kina cha sentimita 15, jaza maji lita 10 hadi 15, funika kwa majani ya migomba jua la asubuhi lisiyanyonye. Alfajiri chimba kwa mtaimbo mpaka ufike pakavu, kisha rudia jioni kwenye lile shimo huku ukiendelea na mengine. Mashimo yanachimbwa kwa kundi, yakipokezana maji. Timu inayong'ang'ania shimo moja mpaka liishe inapiga ardhi kavu nusu ya siku.

Gamba linahitaji ujanja mwingine. Ukipiga mtaimbo kila mahali, unatengeneza unga tu. Jiwe na gamba huvunjika kuelekea upande ulio wazi, kwa hiyo kwanza toboa kishimo katikati kwa ncha, kipana kama kikombe, kina sentimita 10. Hicho ndicho upande wa wazi. Kisha tumia ubapa, sentimita tatu au nne kutoka kwenye ukingo wake, ukielekeza katikati: kipande kinaanguka ndani. Endelea kuzunguka, ukipanua hadi sentimita 30, toa vipande kwa mkebe, kisha anza kishimo kingine. Mtaimbo uinuliwe na kuachwa uanguke kwa uzito wake, mikono ikiuongoza tu. Kila baada ya pigo uzungushe robo, usinase. Anayeusukuma kwa nguvu za mabega atachoka kabla ya gamba.

Gamba hapa lilikuwa na unene wa sentimita 25 hadi 40, na chini yake udongo wa madoadoa mekundu na meupe unaochimbika kwa urahisi. Kwa hiyo usikate tamaa ukiwa sentimita 35. Lakini ukishalipita usipanue shimo chini: gamba ni ukosi wa bure unaoishika nguzo, kazi ambayo zege ingelipwa kuifanya.

Upana unastahili neno lake. Shimo la sentimita 30 kwa kina cha 60 ni lita 42. Ukiacha kingo zimomonyoke lifike sentimita 45, ni lita 95. Kazi ya kutoa imezidi mara mbili, ya kujaza pia, na nguzo haijapata faida yoyote. Pete ya nondo yenye kipenyo cha sentimita 30 inawekwa juu ya kila shimo kabla ya kulikubali.

Mashimo yanayolala wazi yafunikwe kwa ubao na jiwe juu. Ndama au mtoto akiingiza mguu ni balaa, na asubuhi usitie mkono ndani kabla ya kumulika: nge hupenda mashimo hayo.

Julai: upande wa kaskazini, mawe yaliyozikwa

Upande huu una vigingi vingi vya njano. Jiwe lililozikwa linadai uamuzi mmoja mapema: kulihama, kuling'oa au kulipasua. Kuchimba mfereji kulizunguka bila kujua ukubwa wake ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu shimo linageuka handaki na nguzo inakosa udongo mgumu wa kuegemea. Nondo ipigwe tena kila sentimita 20 kufuata mstari hadi ukingo uonekane. Ukingo ukiwa ndani ya sentimita 40, nguzo ihame. Mawe 17 kati ya 28 yaliishia hapo.

Jiwe lisilozidi ukubwa wa ndoo linang'olewa. Funua upande mmoja tu, ule unaoelekea ndani ya shamba, weka kipande cha mti chini ya mtaimbo kama egemeo, inua kidogo, sukumia changarawe chini yake, inua tena. Kila inuko lijazwe papo hapo, jiwe lipande lenyewe. Mikono na miguu isipite chini. Shimo lililobaki ni pana upande mmoja, na huo unajengwa upya kwa mawe yaliyoshindiliwa kabla nguzo haijaingia.

Kubwa zaidi hupasuliwa kwa kabari. Seti moja ni kabari nyembamba na mabati mawili mazito yaliyopinda, ambayo hukaa huku na huku ya kabari ndani ya tundu. Matundu hutobolewa kwa mstari, sentimita 12 hadi 15 kati yake, kina sentimita 10 hadi 12, kipenyo kikilingana na seti. Kabla ya kutoboa, mwagia jiwe maji ulitazame. Mawe mengi ya hapa yana mistari ya rangi, nyeupe na nyeusi. Kufuata mistari hupasua kwa nusu ya nguvu. Kuikata huleta ufa unaokwenda unakotaka wenyewe. Gonga kila kabari pigo moja, kwa zamu, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, kisha rudi mwanzo. Mlio unapanda kadiri kabari zinavyobana. Ukisikia umeacha kupanda, pumzika dakika chache: jiwe linaendelea kupasuka lenyewe, na ukilazimisha sasa kabari inaruka au inavunjika.

Kumekuwa na pendekezo la moto, kama wafanyavyo wachimba kokoto: kuni au matairi juu ya mwamba, kisha maji. Moto unafanya kazi kwenye jiwe lililo wazi juu, kwa kuwa magamba yanabanduka na kuwa na pa kwenda. Ndani ya shimo jembamba joto halifiki pembeni, na mwamba unaobaki kuzunguka unakuwa umejaa nyufa, ndio huohuo unaotakiwa kuishika nguzo. Moshi wa matairi ni sumu, na maji juu ya jiwe la moto hurusha vipande machoni. Tulikataa. Baruti haikuzungumzwa: inataka kibali, na kwa shimo la nguzo ni kutumia rungu kuulia mbu.

Agosti: kona ya kaskazini-magharibi

Mwamba uko sentimita 20 chini ya nyasi, na nguzo ya kona inataka mita moja. Kabla ya kukodi chochote, hesabu ilifanywa.

Kuchimba shimo la sentimita 30 ndani ya mwamba kwa drili ya kugonga ni hivi: matundu 16 kwenye duara, kila sentimita 6, na manne katikati. Ya katikati yanavunjwa kwanza kwa tindo papatikane pale mahali pa wazi, kisha duara linabomolewa kuingia ndani. Kila hatua ni ya sentimita 15, kwa hiyo matundu 20 ni mita 3 za kutoboa. Kufika sentimita 60 tu ni hatua nne, mita 12 za kutoboa kwenye itale, na vichwa kadhaa vya drili. Kubandika nguzo ya chuma juu ya mwamba kwa nondo nne zenye kina cha sentimita 30 ni mita 1.2. Mara kumi pungufu. Kwa hiyo nguzo ya mti imeachwa hapa, na bomba la chuma la inchi tatu limechukua nafasi yake, likichomelewa kwenye bamba la sentimita 20 kwa 20, unene milimita 10.

Udongo uliondolewa mpaka jiwe likaonekana na kupigwa brashi ya waya. Kisha lilisikilizwa: nyundo ndogo inagonga kila mahali ndani ya nusu mita. Panapotoa mlio wa debe tupu, chini kuna tabaka lililoachana, na nondo isipigwe hapo. Mahali palipochaguliwa pako sentimita 25 kutoka ufa wa karibu zaidi. Chini ya 15 tusingekubali.

Matundu ni ya milimita 25 kwa nondo ya milimita 16 yenye hesi upande wa juu. Jenereta ya kVA 3 ilitosha, ila waya mrefu wa kuunganishia uwe mnene. Ukiwa mwembamba, umeme unapungua njiani, drili inapoteza pigo na mota inaungua. Maji kidogo yalimiminwa kwenye tundu wakati wa kutoboa, kwani vumbi la itale lina silika na linaharibu mapafu. Mtoboaji bado alivaa barakoa.

Nondo za namna hii zikishindwa baadaye, mara nyingi chanzo ni vumbi lililobaki ndani, ambalo linauzuia uji wa saruji kushika jiwe. Kila tundu lilipulizwa kwa pampu ya baiskeli iliyofungwa mrija, likapigwa brashi ya chupa, likapulizwa tena, hadi kisitoke kitu. Kisha likaloweshwa na maji yaliyotuama yakafyonzwa kwa kitambaa. Uji ni saruji na mchanga laini uliochekechwa, kipimo kimoja kwa kimoja, maji lita 20 hadi 22 kwa mfuko mzima wa kilo 50, nasi tulihitaji kibuyu tu. Tundu hujazwa uji nusu, nondo inasukumwa ikizungushwa hadi uji ufurike. Ukiweka nondo kwanza na kumimina baadaye, hewa inabaki chini. Nondo zilishikwa mahali pake kwa kipande cha plaiwudi chenye matundu yaleyale ya bamba, vinginevyo bamba haliingii. Siku saba, chini ya gunia bichi, kabla ya kukaza nati.

Vigingi vyekundu vya nguzo za kati ambavyo havikusamehewa na nundu vilifanyiwa njia fupi: tundu moja, nondo ya milimita 20 yenye sentimita 30 chini na 50 juu, bomba la inchi moja na nusu linavikwa juu yake na nafasi kujazwa uji uleule.

Nguzo ya kukazia ya upande wa magharibi nayo ilikuta mwamba, lakini wenye nyufa nyingi usioaminika kwa nondo. Pale limejengwa kapu: waya wa wavu kipenyo mita moja, kimo mita moja, nguzo katikati, na ndani mawe yote yaliyotoka kaskazini yakapangwa kwa mkono. Hiyo ni karibu robo tatu ya mita ya ujazo, zaidi ya tani moja. Linachukua nafasi na mbuzi atalipanda, kwa hiyo limewekwa kwa ndani, na waya unapita nje yake.

Kusimamisha na kushindilia

Nguzo za kati hazipati zege. Mti ukikauka ndani ya zege huachana nalo, maji yanaingia kwenye upenyo na kukaa humo. Mawe yenye pembe yanayobanwa yanashika vizuri na yanapitisha maji, nayo yapo tele. Mawe ya mviringo ya mtoni hayafai, yanateleza.

Nguzo inawekwa juu ya kitanda cha kokoto sentimita 5, inanyooshwa kwa timazi pande mbili na uzi wa mstari. Pete ya kwanza ya mawe ukubwa wa ngumi inagongewa chini kabisa kwa ubapa wa mtaimbo, kati ya nguzo na ukuta, kwa zamu pande zinazotazamana. Kisha maramu mbichi, si ya matope, tabaka la sentimita 10, ishindiliwe mpaka mtaimbo udunde. Tabaka jingine. Pete ya pili ya mawe inakaa sentimita 10 chini ya uso, na juu yake udongo unapandishwa mgongo ili maji yatoke nguzoni. Nguzo huzungukia ncha mbili, chini na juu, kwa hiyo pete hizo mbili ndizo zenye kazi. Katikati ni kujaza tu. Tabaka za sentimita 30 zinaonekana za haraka, lakini chini yake hubaki laini na nguzo itacheza baada ya mvua ya kwanza.

Nguzo ikiwa ndefu kuliko shimo, ikatwe juu. Dawa imeingia zaidi kwenye tabaka la nje la mti, na kitako kilichokatwa kinafungua moyo wa mti usio na dawa. Mchwa wa Tororo hawachelewi. Oili chafu ya injini inayopakwa na wengi inabaki juu juu na kuchafua udongo.

Nguzo kubwa za mti zimepata zege la 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), lakini kitako chake kiko wazi juu ya sentimita 10 za kokoto, zege likiizunguka tu. Shimo la sentimita 40 kwa mita moja, ukitoa nguzo, linahitaji lita 106. Mfuko mmoja wa saruji kwa mchanganyiko huo unatoa kama lita 220, yaani mashimo mawili. Shimo moja lililopanuka hadi sentimita 55 upande wa lango lilikula mfuko mzima peke yake.

Septemba: miega, na kilichobaki

Mwega ni mti unaoegemea nguzo ya kona kufuata mstari wa waya, na hapa ardhi ya mawe inalipa fadhila: mguu wake hukanyaga jiwe na hautazama. Lakini mwega mfupi uliosimama wima unaisukuma nguzo kwenda juu, na kona yenye shimo la kina kifupi inachomoka taratibu kila waya unapokazwa. Miega yetu ni mita 2.4, inashika nguzo kwa kimo cha sentimita 90, mguu uko zaidi ya mita mbili mbali. Inahitajika 14: miwili kila kona, miwili kila nguzo ya kukazia, mmoja kila nguzo ya lango. Kumi imekwisha wekwa. Kwenye bomba la chuma mwega ni bomba pia, umechomelewa.

Hali ya sasa: mashimo 96 yamekwisha, nguzo 91 zimesimama. Yaliyobaki matano yako kusini, kati ya bomba la maji na mwembe. Mawili yamekuta mizizi minene na yatahama sentimita 30 kuelekea langoni. Lile la bonde la mashariki lilijaa maji ya mvua wiki hii. Likaushwe kwa mkebe, tope lote litolewe hadi udongo mgumu, ndipo jiwe la kufungia waya lishushwe. Kukaza kutaanza na uzi wa tatu kutoka chini, kona zikitazamwa kwa timazi baada ya kila uzi, na nguzo yoyote ya kona itakayosogea zaidi ya sentimita moja isimamishe kazi hadi mwega wake ukaguliwe.